Ombi la Kumnyima Mjukuu Wangu Mwaka wa Pili wa Kuhesabu Meno

Gakindu, Mukurweini,
Kaunti ya Nyeri.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Kwa Mkurugenzi,
Mfuko wa Kufundisha Watafiti Chipukizi wa Afya ya Kinywa,
Nairobi.

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye hatujaonana lakini meno yangu unayajua,

KUH: KUSITISHWA KWA UFADHILI WA DAKTARI WATIRI KINYUA

Nakuandikia nikiwa na afya njema, akili timamu na meno ishirini na matatu. Idadi hiyo siitaji kwa majivuno. Imo katika faili zako, ukurasa ambao sikuombwa kuusoma.

Mimi ni Mzee Ezra Kinyua, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa letu hapa Gakindu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Daktari Watiri ni binti wa kwanza wa mwanangu wa kwanza. Kwa desturi yetu binti wa namna hiyo hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo yeye ni Watiri kama alivyo mke wangu, nami nimemwita "mke wangu" tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, naye huniita Guka, yaani babu. Nakueleza haya mapema ili usidhani kwamba barua hii imeandikwa na adui yake.

Nimearifiwa kwamba kabla ya mwezi huu kuisha kamati yako itaketi, iamue kama Watiri apewe mwaka wa pili wa ufadhili au arudishwe nyumbani. Ombi langu ni fupi: mrudisheni. Sababu zangu ni ndefu kidogo, nami nimezipanga kwa nambari, kwa kuwa naambiwa ninyi watu wa utafiti hamsomi kitu kisicho na nambari.

1. Kwanza, mnamlipa daktari wa meno asing'oe meno.

Ilipotangazwa kanisani mwezi wa Desemba kwamba Watiri amehitimu, amepata wafadhili, na atafanya kazi katika ukumbi wetu kwa miezi sita, watu waliokuwa wakivumilia maumivu tangu mavuno walimshukuru Mungu. Siku ya kwanza Ndungu, mlinzi wa kanisa, alikuja amejifunga shavu kwa skafu, na kuku wa shukrani mkononi. Watiri alimwangalia kinywani kwa taa ndogo, akaandika, akaandika tena, kisha akampa barua ya kwenda hospitalini Nyeri mjini, na kuku akamrudishia. Ndungu alirudi nyumbani jino likimpigia kelele ndani na kuku akimpigia kelele nje.

Mimi mwenyewe amenihesabu meno mara nne. Mara zote yalikuwa ishirini na matatu. Mchungaji akihesabu kondoo wake mara nne na kupata idadi ileile, hakuna mwenye mali atakayemlipa ahesabu mara ya tano.

2. Pili, utafiti huu umeingiza uongo kanisani.

Katika fomu ya maswali kulikuwa na swali la vijiko vingapi vya sukari mtu hutia katika kikombe kimoja cha chai. Mama Phyllis, ambaye ndiye hutupikia chai baada ya ibada, nimemjua kwa miaka thelathini bila kumsikia akitamka neno lisilo kweli. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Alisema kijiko kimoja. Mheshimiwa, chai ya Phyllis haikorogwi. Kijiko husimama chenyewe. Aliyemfuata alikuwa Kahiga, shemasi wetu. Alisema, "Mimi sukari niliwacha," na ilibidi arudie, kwa maana andazi lilikuwa bado kinywani.

Kabla ya mfuko wako kufika hapa, hakuna mtu Gakindu aliyewahi kudanganya juu ya sukari, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa. Ninawahesabia ninyi uongo huo wote, kijiko kwa kijiko.

3. Tatu, mnamfadhili asijue.

Hili limenitaabisha kuliko kuku. Utafiti wenyewe, kama nilivyouelewa, ni huu: watu mia moja na ishirini wa kanisa letu wanapewa dawa ya kupigia mswaki asubuhi na jioni kwa miezi sita, ili ionekane kama fizi zao zitaacha kutoka damu. Nusu ya tyubu zina kifuniko cheupe, na nusu kifuniko cha buluu. Katika rangi moja mmetia kiungo kipya. Rangi ya pili ni dawa ya kawaida kama ya dukani.

Nilimwita Watiri kando, nikamwuliza kwa upole ni rangi ipi yenye kiungo. Akasema, "Guka, mimi mwenyewe sijui." Nikadhani ananificha kwa heshima ya kazi. Nikamwendea msaidizi wake, Nekoye, binti mwenye adabu ambaye baba yake ni askari kutoka Bungoma aliyehamia Kiganjo. Naye akanijibu, "Hata mimi, Mzee. Iko kwa bahasha huko Nairobi, na imefungwa."

Nimefundisha katekisimu kwa miaka arobaini. Kila swali lilikuwa na jibu lake, limeandikwa chini yake, na mtoto asiyelijua hakubatizwa mwaka huo. Mjukuu wangu amevaa joho mara mbili, picha zote mbili ziko ukutani kwangu, na mwisho wa elimu hiyo yote amekabidhiwa kutojua, pamoja na bahasha ya kulinda kutojua huko kusiibiwe. Ikiwa mfuko wako unahitaji watu wasiojua, ungetuuliza. Hapa Gakindu tunao wengi, na hawajawahi kudai nauli.

4. Nne, mmetupigia kura bila kumwuliza mwenye kura.

Ili pasiwe na upendeleo, Watiri alikata karatasi mia moja na ishirini, nyeupe na buluu, kila mmoja achukue yake bila kutazama. Alihitaji kitu cha kuzitia. Akaona ule mfuko mwekundu wa mahameli wenye mpini mrefu, akamwomba Kahiga, na Kahiga akampa. Daktari aliona mfuko tu. Kanisa zima liliona sadaka. Mfuko ule kwa miaka yote hautiwi mkono isipokuwa kwa kumpa Mungu. Sasa mtu akitia mkono humo, akatoa kitu badala ya kuweka, kitu hicho kimetoka kwa nani? Hata mtoto wa shule ya Jumapili anajua kwamba mtume wa kumi na mbili alipatikana kwa kura.

Ndugu Ngatia, ambaye ni makamu wangu na amekuwa makamu wangu kwa miaka kumi na tisa bila kulalamika kwa sauti, alitoa karatasi nyeupe. Wiki hiyohiyo ng'ombe wake akazaa pacha. Jumapili iliyofuata hapakuwa tena na mjadala katika Gakindu nzima: nyeupe ndiyo dawa, na buluu ni ya waliopitwa.

Mimi, mwenyekiti, nilitoa buluu.

Ngatia alinishika mkono mlangoni, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda, akasema, "Pole, Mzee. Si wote huitwa." Kina mama waliokuwa wakiosha vikombe hawakujua kwamba nimesimama nyuma ya ukuta. Mmoja alisema, "Ati chairman alipewa ile ya bure?" Mwingine akajibu, "Hiyo ya blue ni kama kupiga mswaki na unga. Mungu huangalia, wewe." Mwezi wa tatu tulipochagua baraza, kwa mara ya kwanza nilipata mpinzani, na nilibaki kitini kwa kura mbili. Moja ya hizo ilikuwa yangu.

5. Tano, mmewafungia nje wenye ujuzi.

Masharti yenu yanasema mshiriki awe na meno yasiyopungua kumi na sita. Mke wangu, Watiri mkubwa, hana hata moja. Yalimtoka yote kabla hajafika miaka hamsini, moja baada ya jingine, mikononi mwa mtu mmoja wa sokoni aliyekuwa na koleo na kiti kisicho na mgongo. Tangu wakati huo akicheka huweka kiganja mbele ya mdomo. Katika picha zote za nyumba yetu, harusi za watoto na ubatizo wa wajukuu, kiganja hicho kipo.

Mjukuu wake alipokuwa na miaka sita alimwuliza, "Cucu, unaficha nini?" Nimeelezwa kwamba swali hilo limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa ombi lililowafanya mmpe ufadhili. Basi mkono wa mke wangu mliukaribisha Nairobi, na mwenye mkono mkamwacha nje ya mlango. Siku ya kura aliketi ukumbini tangu saa mbili, amevaa kofia yake ya ushirika wa kina mama wa kanisa, akingoja jina lake. Ndungu alipewa tyubu. Mimi nilipewa tyubu. Yeye alipewa kikombe cha chai.

6. Sita, tyubu hazikulindwa.

Hapa nitasema kwa ufupi. Mwezi wa nne Nekoye alipozunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake, alikuta tyubu thelathini na nane mahali pasipo pake: nyeupe kwa waliopewa buluu, buluu kwa waliopewa nyeupe, na moja kwa mtu asiyeshiriki kabisa, ambaye alikuwa akimpaka ng'ombe wake mguuni. Ilibainika kwamba kulikuwa na soko nyuma ya tangi la maji la kanisa, na kwamba nyeupe moja ilikuwa imefikia trei ya mayai. Kwa sababu hiyo kazi ya miezi minne imevurugika, na ndiyo maana kamati yako inaketi.

Yuko mtu aliyeanzisha uovu huo. Simtaji, kwa kuwa hapa si mahali pake. Ninachouliza ni kimoja tu: daktari aliyeshindwa kuzilinda tyubu mia moja na ishirini katikati ya Wakristo, akipewa mwaka wa pili atalinda nini?

7. Saba, nina pendekezo.

Sipendi kuvunja bila kujenga. Mfuko wako unawafundisha chipukizi. Nimelima kahawa tangu ujana wangu, nami nakuambia kwa heshima kwamba chipukizi ni cha kumwagiliwa maji na kukingwa na jua. Hakuna mkulima anayepeleka mche kiwandani. Kama fedha ni lazima zitumike, basi zifundishe wazee, ambao walikwisha kuchipuka, wakazaa, na sasa wana nafasi. Niko tayari kuongoza kundi la kwanza. Makamu wangu katika kazi hiyo atafutwe nje ya Gakindu, hata Ruring'u.

Utaratibu wetu utakuwa mwepesi. Bahasha italetwa kutoka Nairobi. Tutaomba. Itafunguliwa mbele ya kanisa, na mwenye dawa na asiye na dawa watajulikana papo hapo, kila mtu akiwa ameketi. Jambo mnalotaka lichukue miaka miwili litakwisha kabla ya chai. Washiriki watapatikana bila kutazamwa meno, wala hapatakuwa na fomu, kwa hiyo hapatakuwa na uongo.

Naye Watiri anunuliwe kiti cha kung'olea, koleo zuri na kibao chenye jina lake, tumweke pale karibu na kiwanda cha kahawa, ambapo kuna nyumba tupu ya ndugu yangu. Asubuhi atang'oa meno kama watu wengine wenye kazi. Jioni atapanda kilima aje kula kwetu, maana bibi yake humpakulia hata siku ambazo hayupo.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Mheshimiwa. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, mmoja mmoja. Msalimie karani anayefungua barua, ambaye najua ndiye wa kwanza kuisoma hii. Msalimie pia mwenye kuitunza ile bahasha. Mwambie asiiweke karibu na dirisha. Nyumba yangu yote inakusalimu, na baraza la wazee linakusalimu, akiwemo makamu.

Nabaki mzee wenu mnyenyekevu katika Bwana,

Ezra Kinyua
Mwenyekiti, Baraza la Wazee

Baada ya sahihi:

Barua hii nilikuwa niipeleke posta jana. Kabla sijatoka, Watiri alifika kutoka Ruring'u, ambako amepanga chumba. Alikuwa na ule muhtasari wa Kiswahili mliomtaka auambatishe kwenye taarifa yake ili nasi tulioshiriki tuusome. Alitaka nimsahihishie lugha, kama nilivyofanya tangu alipokuwa darasa la nne. Nikavaa miwani. Katika sehemu ya tyubu ameandika hivi: "Kosa ni langu. Nilitumia mfuko usiofaa, na sikuwaeleza watu vya kutosha kura ile ilikuwa nini." Hakuna jina la mtu yeyote. Nilitafuta jina mara mbili. Akaniuliza, "Guka, kuna mahali pa kurekebisha?" Nikamwambia koma moja.

Mtu niliyekataa kumtaja katika nambari ya sita ni mimi. Jumapili iliyofuata ule uchaguzi wa kura mbili nilimwita Ndungu nyuma ya tangi, nikampa kopo la maharagwe na tyubu yangu ya buluu, naye akanipa nyeupe. Kahiga alituona. Phyllis alituona. Wakasema ikiwa mwenyekiti amefanya, basi imeruhusiwa, na kufikia saa ya chai tangi lilikuwa limezungukwa. Nekoye aliikuta tyubu nambari 31 nyumbani kwa Ndungu. Katika daftari lake nambari 31 ina jina langu, kwa mwandiko wangu, ambao Watiri aliujua kabla ya kuujua wake. Daftari hilo Watiri amekuwa nalo tangu mwezi wa nne. Amekula mezani kwangu mara sita tangu wakati huo, na mara zote aliomba nibariki chakula.

Liko pia jambo la fizi. Zangu zilitoka damu kwa miaka kumi na moja, nami nilidhani ndivyo fizi zilivyo. Ziliacha wiki ya tano, nikiwa bado na buluu, kabla ya maharagwe. Nilimwendea Nekoye, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeijua siri ya bahasha: dawa ni buluu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Inaweza kuwa blue, Mzee. Ama ni vile siku hizi unapiga mswaki mara mbili. Hatujui bado." Nimejibu maswali ya watu kwa miaka arobaini, na hilo ndilo jibu la kwanza nililopewa ambalo limekataa kutoka kichwani. Nataka kujua, Mheshimiwa. Kutaka huko kunaniwasha kuliko zilivyoniwasha fizi.

Kwa hiyo nambari ya kwanza hadi ya saba uzifute, isipokuwa ya tano, ambayo nasimama nayo. Barua yenyewe sikuichana, kwa sababu karatasi iliyotiwa sahihi ni ushahidi, hata juu ya aliyeitia. Mpeni Watiri mwaka wake wa pili, aanze upya. Mimi nitamtafutia gunia la kahawa la kutia karatasi zake, ambalo hakuna mtu atakayelidhania kuwa ni mkono wa Mungu. Bahasha isifunguliwe mbele ya kanisa wala nyuma yake. Endeleeni kumlipa asijue, mpaka ajue. Na katika mwaka huo wa pili pawepo swali moja, hata kama ni moja tu, ambalo mtu asiye na meno anaweza kulijibu. Nitamleta mwenyewe, na kofia yake.

Jumapili ijayo nitasimama mbele ya kanisa niseme yale ya nyuma ya tangi. Ngatia atapata kiti changu, nadhani kwa zaidi ya kura mbili.

Naambatisha tyubu nambari 31, ambayo Ndungu amenirudishia ikiwa imebaki nusu. Maharagwe yalikwisha kuliwa. Meno sikuyaambatisha. Nadhani bado ni ishirini na matatu, lakini mwambie aje ayahesabu mara ya tano.

E.K.